Mto wa Uzi Uliofumuka Kiunoni Mwangu

Aibu nimezipata nyingi, sitawadanganya, mtu akishafika umri wangu na bado ana miguu ya kumpeleka asipoitwa, aibu anazo za kutosha kuwagawia majirani, lakini ile ya Garsen, mwaka uliofuata mafuriko makubwa, naiweka peke yake, haichanganyiki na nyingine, na ikinijia nikiwa nakula tonge husimama kooni. Ila siwezi kuianza pale. Nikiianza pale mtaniona mjinga (na mjinga nilikuwa, lakini si mjinga wa kuzaliwa), kwa hivyo niacheni kwanza nianzie kwa kiboko.

Nilikuwa kijana, ndevu hazijatoka, tuko kwetu Ozi, karibu na mto Tana unapoingia baharini, asubuhi ya ukungu ule ambao ukinyoosha mkono vidole huvioni. Baba alikuwa ametega wavu wenye tundu, akasema tundu lenyewe dogo, ataliziba kesho, na kesho ikaja na kiboko. Tulimwona akipanda kutoka majini kuingia kwenye mpunga wetu, taratibu, wavu umemfunika kichwa na mabega, maji yanamchuruzika kwenye macho ya wavu, na jua ndio kwanza linaupasua ukungu, wallahi alikuwa kama bibi harusi anayetolewa nje. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekimbia pia, na kiboko si mnyama wa kusimamiwa, lakini tulisimama tu kama watu walioalikwa. Akatafuna mpunga kidogo, akatutazama, akageuka na shela lake akarudi mtoni, na hatukumwona tena, si yeye wala wavu.

Baba akakaa chini kwenye tope akasema, "Kaingiza kichwa tunduni. Wavu ukitoboka uzibe hapo hapo, hata kama si wako."

Basi. Shule sikusoma ya maana, mwalimu wetu alihama nikiwa bado naumba herufi, lakini hilo neno la "hata kama si wako" liliniingia kuliko chuo na shule kwa pamoja. Tangu siku hiyo sijaweza kupita penye tundu. Nimeziba nyavu za watu wanaonichukia, nimeziba vyandarua, nimeziba ua wa kuku wa jirani ambaye kuku wake ndio waliokuwa wakila mbegu zangu, na marehemu mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Wewe siku ukifa utainuka kwanza ukague sanda." Alikuwa na maneno yule mwanamke. Kupika hakujua.

Sasa, dada yangu Mwanahawa aliolewa juu kule, upande wa Hewani, na nyumba yao ilikuwa ukingoni kabisa, mafuriko yakaja yakaichukua yote, milango, mapipa, jogoo juu ya paa, wao wenyewe wakatolewa kwa mtumbwi, salama, wakahamia Garsen wakala chakula cha misaada kama watu wote. Mumewe alishafariki zamani. Amebaki na bintiye, Mwanamisi, mtu mzima, aliwahi kuolewa akaachika, mpole, haongei, mikono yake ndiyo inayoongea. Na kwetu binti ambaye babake hayupo akitaka kutoka nyumbani kwenda mbali, neno la mwisho ni la mjomba. Mama anaweza kulia, anaweza kugoma kula, lakini neno ni la mjomba. Ndiyo maana dada akanitumia salamu kwa watu wa mtumbwi: njoo upesi, mtoto wako kashikwa.

Nikafika jioni. Nikauliza, "Kashikwa na nini? Homa?"

"Na uzi," akasema dada.

"Uzi gani?"

"Magunia, kaka. Magunia ya mahindi ya misaada! Anayaokota kwa watu, anayafumua uzi mmoja mmoja, halafu anaufuma kwa kulabu aliyoitengeneza kwa spoku ya baisikeli. Toka maji yalipopungua hajafanya kazi nyingine."

"Si kitambaa cha kochi tu? Wanawake wote wanafuma vitambaa vya kochi."

"Kingekuwa cha kochi ningekuita?" Akanipakulia samaki wa nazi. "Kochi lenyewe liko wapi? Limeenda na maji. Sikiliza. Kesho anakuja madamu kutoka Mombasa, kazi yake ni kutafuta watu kama hawa, anasema hiyo si vitambaa, hiyo ni sanaa, inatundikwa ukutani watu wanakuja kuitazama. Akiipenda atamchukua Mwanamisi akakae huko, apewe chumba cha kufumia. Na mimi nibaki na nani? Kaka, nataka umkatalie. Mimi nikikataa atanuna, wewe ukikataa imekwisha."

Nikasema nitamkatalia. Samaki alikuwa mzuri, na mtu anayekula samaki mzuri hukubali mambo.

Asubuhi Mwanamisi akanichukua hadi ukumbi mmoja wa mabati karibu na soko la maziwa. Akafungua mlango, nikaingia, nikasahau kupiga chafya niliyokuwa nimeianza. Sijui niwaelezeje. Kutoka ukuta wa mbali mpaka karibu na mlango, juu, kwenye vyuma vya paa, kulikuwa na mto. Mweupe, wa uzi mtupu, unapinda pale Tana unapopinda, unanenepa unaponenepa, mahali umening'inia mpaka unagusa kichwa, mahali umepanda juu kama wingu, na huku mwisho, karibu na mlango, ukapasuka vijito vijito kama ulivyo kwetu unapoikaribia bahari. Mabati yale yalikuwa na vitundu vya misumari, jua likapenya, vijinuru vikaushukia mto ule vikawa vinatetemeka, na upepo kidogo ukija wote unapumua. Nikajihisi niko chini, kwenye kitanda cha mto, samaki, natazama maji kwa chini.

"Mjomba, unaonaje?" Mwanamisi akauliza.

"Naona Tana."

Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aachike. Akasema, "Basi imetosha. Nimekaa nao, mjomba, usiku na mchana, ukiniambia ni Tana imetosha." Akaniambia anaenda kuoga na kubadilisha nguo, wageni watafika baada ya adhuhuri, nimlindie mbuzi wasiingie. Akaniachia mkeka. Akaenda.

Na mimi, wenzangu, nikalala chali chini ya ule mto. Joto lile la Garsen mnalijua, linamlainisha mtu mpaka fikra. Nikawa napanda mto kwa macho, napita Golbanti, napita mashamba, nusu usingizi nusu macho, nasikia wanawake wa Kiorma nje wakipiga bei ya maziwa kwa mbali kama wako ng'ambo ya maji, na nilipofika katikati, upande wa Hewani, nikaliona.

Tundu.

Kubwa, mtu anapitisha kichwa na bega. Na hapa ndipo ningetumia akili, kwa sababu kingo zake zilikuwa zimefumwa mviringo, nzuri kabisa, kama shingo ya kanzu, na mwenye akili angejiuliza ni tundu gani linalopasuka halafu likajipamba. Mimi nilichowaza ni: maskini mtoto, uzi ulimwishia. Au panya. Na wageni wako njiani. Na babangu kwenye tope.

Nikasema nitaliziba kidogo tu, asije akaaibika. (Asije akaaibika! Yeye!)

Nikatafuta uzi. Pale mwisho wa mto, kwenye kijito cha mwisho kabisa, palikuwa na ncha inaning'inia, na kitanzi kimeshikwa na kipini cha kanga. Nikakitoa kile kipini, nikakitia kwenye msuli wangu niliojifunga kiunoni, ambao ulikuwa unalegea toka asubuhi, nikaivuta ile ncha, na uzi ukaja. Ukaja kwa raha! Nikasema mashallah, huyu mtoto kaacha akiba. Nikavuta pima kwa pima, nikaukata kwa wembe niliopewa na mama mmoja muuza maziwa, nikapata wa kuzibia, na ile ncha nyingine iliyobaki upande wa mto nikaifunga kiunoni. Msiniulize kwa nini. Sisi wa Ozi mtu akishona wavu hawezi kuacha uzi chini uchafuke, anaufunga kiunoni, ndivyo tulivyofundishwa, mikono inabaki na kazi yake. Nikapanda juu ya meza, nikaziba. Jicho kwa jicho, fundo kwa fundo, fundo letu lile linalokazwa mara ya pili kwa kuzungushwa, kiboko mwenyewe halivunji. Nilipomaliza nikaona mto umekuwa mzima. Nilijisikia mtu mwema sana.

Niwaambie sasa kile nilichokuja kukijua baadaye. Wavu ni mafundo. Ukikata jicho moja, mengine yanakaa mahali pake hata mwaka. Ile kazi ya Mwanamisi haikuwa na fundo, ilikuwa kitanzi kimemshika mwenzake na mwenzake kamshika mwenzake, kama watu wanaovuka maji wameshikana mikono, na mimi nilikuwa nimemwachisha mkono wa mwisho na kujifunga naye kiunoni.

Magari yakafika. Mawili, yamejaa vumbi, yamekuja na msafara. Siku hizo barabara ya Mombasa hukupita ovyo, majambazi walikuwa wengi, magari yalikuwa yakingojana yatoke pamoja na askari, na msafara ukiondoka umeondoka. Dada akaja mbio amevaa leso mpya, akanishika mkono, "Kaka, toka nje uwapokee, wewe ndiye mkubwa!" Nikatoka.

Nikawapokea vizuri. Nikamsalimu madamu, mama mmoja mwembamba mwenye miwani, nikamsalimu dereva, nikawasalimu askari, nikaenda kivulini kwa wazee nikawasalimu mmoja mmoja na habari za mifugo yao, nikarudi, nikazunguka mlingoti wa bendera nikawasalimu akina mama, nikaambiwa viti havitoshi, nikaenda mwenyewe mpaka hoteli ya jirani kuazima benchi. Njiani kurudi nikaona uzi mweupe umepita uwanjani. Umepanda juu ya mgongo wa mbuzi, umezunguka mlingoti, umekatiza kati ya madebe ya maziwa, unang'aa juani kama njia ya konokono, mzuri kweli, nikasimama na benchi langu nikautazama kama mtu aotaye, nikawaza: watoto wa hapa hawana adabu, nani kachezea uzi wa watu?

Barisa, Mworma mmoja mzee tunayefahamiana toka zamani, alikuwa amechuchumaa na fimbo yake. Akanitazama, akautazama uzi, akanitazama tena.

"Wewe mzee ya Ozi," akasema, "wewe nakuwa ng'ombe lini?"

"Ng'ombe kwa nini?"

"Mimi naona mkia."

Nikacheka. Wallahi nikacheka, nikamwambia Waorma hamna kazi, kila kitu mnaona ng'ombe, nikaendelea na benchi langu.

Ndani madamu alikuwa ameshaingia na watu wote wamejipanga ukutani, na Mwanamisi amesimama katikati, kanga nyeupe, mikono ameishika nyuma. Nikaingia kwa mlango wa nyuma ili nisimpite mgeni mbele. Nikaona nyuso zote zimetazama juu. Kama watu walio chini ya maji. Na mimi nikatazama juu.

Bahari haikuwepo. Vijito vyote vya kwetu havikuwepo. Ozi haikuwepo, Golbanti ilikuwa inakwenda, ninavyowaambia, mbele ya macho yetu, kitanzi baada ya kitanzi, bila sauti, mto unarudi nyuma unapanda kwenda ulikotoka, laini, kama unavyoota kitu kizuri na unajua unaamka. Mtu mmoja akasema subhanallah. Nikapiga hatua kwenda kumwonyesha dada, nayo ikaenda mistari miwili mizima. Nikarudi nyuma, ikasimama. Nikaenda mbele, ikaenda.

Hapo nikajishika kiuno, nikaukuta uzi.

Ningesimama tu. Mtu mwingine angesimama. Mimi niliona dawa ni kukimbilia nje nikamwage huo uzi mbali, nikachomoka, na nilipochomoka mto ukafumuka kwa kasi mpaka ukafika kwenye kiraka changu, kwenye yale mafundo yasiyovunjwa na kiboko, na pale ukakatalia. Mimi sikujua kwamba umekatalia. Kiuno changu ndicho kilichojua. Nilivutwa kinyumenyume kama samaki, kipini kikaruka, msuli ukaanguka, na mbele ya madamu wa Mombasa, na askari, na wazee, na dada yangu, nikabaki na kaptura ya misaada, ya maua mekundu, ambayo nadhani kule ilikotoka ilikuwa ya mwanamke.

"Sasa mkia nakatika," akasema Barisa mlangoni.

Ukumbi ukavunjika. Watu walicheka mpaka mabati yakaitikia. Dada yangu alijifunika leso uso mzima. Ila Mwanamisi hakucheka na hakulia, alikwenda pole pole mpaka chini ya kile kiraka, akanyoosha mkono akakigusa.

"Mjomba," akasema, "hili fundo la Ozi."

"Ndiyo, mwanangu. Niliona tundu."

"Ilikuwa nyumba yetu."

Vicheko vikakauka kimoja kimoja. "Ndipo nyumba ilipokuwa," akasema, "nilifuma mto wote nipate pa kuliweka hilo tundu."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Na ungejua pia ungeliziba."

Na ni kweli. Akachomoa ile spoku kwenye nywele, akakidaka kile kitanzi cha mwisho kabla hakijaponyoka, akaanza kufuma. Pale pale, amesimama, kama hakuna mtu. Akaniambia, "Nyoosha mikono, mjomba," nikainyoosha, na wanawake wakawa wanauokota uzi uwanjani wananizungushia mikononi, nikawa nguzo, sina hata mkono wa kuokotea msuli wangu, maua yote nje. Madamu alivua miwani. Alisogea akasimama karibu na Mwanamisi, akawa anavitazama vidole, hatazami kingine, na mimi nikavitazama pia, vilikuwa vinakwenda kama mvua ndogo juu ya maji.

Nje honi ikalia. Msafara.

Madamu akasema, "Binti, siwezi kuonyesha kitu kilichofumuka. Lakini mikono nimeiona. Njoo na uzi wako uufume upya kule, na tundu lake. Ila ni sasa hivi, magari hayangoji."

Mwanamisi akaacha kufuma. Hakumtazama madamu, hakumtazama mamake. Akanigeukia mimi.

"Mjomba?"

Watu wote wakanigeukia. Dada akatoa leso usoni, akanikazia macho, maana neno la kukataa ndilo alilonipandishia mto wote huo. Na neno nilikuwa nalo, nililipanga vizuri toka jana, lenye heshima, kwamba mwanamke hatembei na uzi mijini, kwamba mama ni mmoja. Nikalitafuta. Lakini mtu aliyesimama kwa kaptura ya maua, amefungwa mikono kwa uzi wa mtoto wa dadake, uzi aliouharibu mwenyewe, anamkataza nani nini?

"Nenda, mwanangu," nikasema.

"Kaka!" dada akasema.

"Nenda. Na ukifika kule, likija lizee kutaka kukuzibia, lipige."

Alipiga magoti akanifungua mwenyewe ule uzi wa kiunoni, akakunja uzi wote ukawa mpira mweupe mkubwa kama mtoto mchanga, akauchukua na mto uliobaki begani, akamkumbatia mamake ambaye alikuwa mkavu kama gogo, akapanda gari. Vumbi likainuka, likakaa hewani muda mrefu, jua likiwa ndani yake.

Nimekula kiapo toka siku hiyo: nikiona tundu la mtu nauliza kwanza ni la nini, na nikiambiwa ni la makusudi natia mikono mfukoni na kuishikilia humo.

Nikaokota msuli nikajifunga. Dada alikuwa ananiita, kwanza kwa hasira, "Wewe! Wewe kaka gani!" halafu kwa sauti nyingine, "Kaka, basi ule kwanza," na Barisa naye ananiita kwa jina jipya ambalo najua mji mzima ulilikariri kabla ya alasiri. Sikugeuka. Nikapita kati ya madebe ya maziwa, nikapita penye vichaka vya miiba ya mathenge, nikashika njia ya mtoni, nikaingia mtumbwi wa kwanza unaoteremka. Dada akitaka kuniona huja yeye Ozi. Garsen sijakanyaga tena.